Simu ya Intaneti Isifungwe

Mama yangu mdogo anafanya kazi Dubai. Ujumbe wake wa WhatsApp hutufikia, lakini kutupigia kwa njia hiyo hawezi. Sheria ya Falme za Kiarabu huruhusu simu za intaneti za kampuni zilizoidhinishwa tu. Basi hupiga simu ya kawaida, dakika mbili pesa zimekwisha, na nyanya hata hajamaliza kumuuliza kama anakula vizuri.

Watetezi wa kampuni za simu husema: sisi ndio tuliosimamisha milingoti, tena tunalipia leseni, hawa wengine wanapita bure. Hoja hiyo ina uzito, sikatai. Lakini jamani, bando si tunainunua kwao hao hao? Bure iko wapi?

Saudia ilizifungulia simu hizi Septemba 2017 baada ya kuzizuia kwa miaka. Hata hapa kwetu, simu za ng'ambo zilikuwa mkononi mwa Telkom peke yake hadi 2004. Serikali na isimamie: itoze kodi, ilinde siri za wapigaji. Kufunga, hapana! Nyanya bado anangoja jibu lake.