Kwale: Vifo vya mihadarati vinavyofichika katika madaftari ya hospitali

Kijana analetwa hospitalini usiku kwa bodaboda, amebanwa katikati na mwenzake asianguke. Midomo imegeuka rangi, pumzi inatoka kwa nadra, na mboni za macho zimenywea mithili ya ncha ya sindano. Aliyemleta anasema mwenzake ameanguka ghafla, kisha anatoweka kabla ya kuulizwa jina. Mgonjwa akifariki muda mfupi baadaye, afisa wa kliniki aliye zamu hubaki na nafasi ndogo katika daftari ya kuandika ugonjwa uliomuua. Maneno machache atakayoyaandika hapo ndiyo yatakayoamua iwapo kifo hicho kitahesabiwa kuwa cha mihadarati, au kitaingia katika fungu la maradhi ya moyo na kusahauliwa.

Kisa cha namna hiyo kinaweza kutokea usiku wowote katika ukanda wa pwani ya kusini, kuanzia Likoni, kupitia Ukunda na Diani, hadi Msambweni. Heroini, ambayo vijana huiita unga, ilianza kujulikana katika miji ya pwani ya Kenya miaka ya 1980, Mombasa na Malindi zikitangulia. Fuo za Diani, zenye watalii, fedha za haraka na vijana wasio na ajira ya kudumu, hazikuchukua muda mrefu kupata maskani zake. Bahari yenyewe ni njia kuu ya biashara hiyo. Mnamo Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilinasa kilo 1,032 za heroini ndani ya jahazi lililokuwa mashariki ya Mombasa. Shehena hiyo ilipimwa mpaka kilo ya mwisho. Watu waliouawa na unga uliopenya bila kunaswa hawajapata kuhesabiwa kwa makini ya namna hiyo.

Chombo cha kuwahesabu kipo, wala si kipya. Ni orodha ya kimataifa ya magonjwa inayosimamiwa na Shirika la Afya Duniani (WHO), ambayo chimbuko lake ni orodha ya sababu za vifo iliyotungwa na Mfaransa Jacques Bertillon mwaka 1893. Kila ugonjwa na kila ajali hupewa msimbo, yaani alama ya herufi na nambari, ili daktari wa Msambweni na daktari wa Tokyo wamaanishe kitu kimoja. Katika toleo la 10 la orodha hiyo, sumu ya heroini ni T40.1, ile ya methadoni ni T40.3, na ya kokeni ni T40.5. Uraibu wa dawa za jamii ya afyuni uko chini ya F11. Iwapo mtu amekufa kwa kuzidisha kipimo bila kukusudia, msimbo wa sababu ni X42; akiwa amekusudia kujiua ni X62; na pale nia isipojulikana huandikwa Y12. Toleo la 11, lililoanza kutumika rasmi Januari 2022, limeyaweka matatizo ya afyuni chini ya 6C43.

Kwa hiyo tatizo si upungufu wa misimbo. Tatizo liko katika safari ndefu kati ya kitanda cha mgonjwa na tarakimu inayosomwa Nairobi.

Mgonjwa asiyelazwa huandikwa katika daftari la kliniki. Mwisho wa mwezi afisa wa kumbukumbu za afya hujumlisha magonjwa na kujaza fomu ya Wizara ya Afya, ile ya MOH 705, kisha huiingiza katika mfumo wa kompyuta ulioenea nchi nzima tangu mwaka 2011. Fomu hiyo ina mstari mmoja tu wa sumu. Kijana aliyezidisha heroini huko Ukunda, mkulima wa Kinango aliyekunywa dawa ya kuua wadudu na mwanafunzi aliyemeza vidonge vya nyanya yake, wote huangukia mstari huo huo. Afisa wa kaunti anayesoma jumla yao hawezi kujua kama anahitaji dawa ya kuzindua waliozidisha unga, au kampeni ya kuwafundisha wakulima kuhifadhi sumu mahali salama. Na hapo ni pale ambapo neno sumu limeandikwa. Mara nyingi kinachoonekana kwa urahisi ni kupoteza fahamu, kushindwa kupumua au nimonia iliyotokana na matapishi kuingia mapafuni, na hayo ndiyo huandikwa.

Cheti cha kifo kina mtego wake pia. Utaratibu wa WHO unamtaka daktari apange mlolongo: kilichomuua mtu mwishoni, kilichosababisha hicho, hadi afikie chanzo. Takwimu hukokotolewa kutokana na chanzo, si kutokana na tukio la mwisho. Daktari anayeandika kwamba moyo na mapafu vilisimama hajaeleza lolote, kwa kuwa moyo wa kila maiti umesimama. Kifo hicho kitapewa msimbo wa I46, na unga hautatajwa popote. Kuandika kwamba pumzi ilikatika kutokana na sumu ya heroini, hata kwa kuongeza neno "inashukiwa", kungebadilisha kila kitu. Majibu ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambaye maabara yake ya karibu iko Mombasa, ni ushahidi wenye nguvu zaidi. Lakini daktari aliyeziona mboni zilizonywea na alama za sindano hana haja ya kuyangoja ndipo aandike anachokishuku.

Wanaofia nje ya hospitali ni fumbo zaidi. Kifo cha nyumbani husajiliwa kwa naibu wa chifu, ambaye si tabibu na huandika anachoelezwa na jamaa. Miongoni mwa Waislamu, ambao ni wengi katika ukanda huu, maiti huzikwa haraka, aghalabu siku ile ile, na uchunguzi wa mwili haupendwi. Familia iliyompoteza mwana huwa na kila sababu ya kusema aliugua ghafla. Bunge lilipitisha Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Makorona mwaka 2017 ili vifo vya ghafla vipate mchunguzi huru, lakini kwa miaka mingi sheria hiyo ilibaki katika makaratasi.

Si vifo pekee vinavyopotea. Mtumiaji wa sindano hufika hospitalini akiwa na jipu mkononi, maambukizi ya vali za moyo, homa ya ini aina ya C, au arosto inayomtetemesha na kumharisha hata akadhaniwa ana malaria. Kila ugonjwa kati ya hayo una msimbo wake, na asipopewa pamoja nao msimbo wa pili wa F11, uhusiano kati ya jipu na unga hukatika. Ukimwi ni mfano wa jinsi hesabu iliyofanywa mahsusi inavyoweza kubadili mambo. Utafiti wa mwaka 2011 uligundua kuwa asilimia 18.3 ya watu wanaojidunga mihadarati nchini walikuwa na virusi, ilhali kiwango miongoni mwa watu wazima kwa jumla kilikuwa asilimia 5.6 katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012. Ugavi wa sindano safi ulianza katika kipindi hicho, nao mpango wa methadoni ukazinduliwa Nairobi Desemba 2014 kabla ya kufika pwani mwaka uliofuata. Leo Kwale ina kliniki ya methadoni huko Kombani. Waliokufa kwa kuzidisha unga hawajapata bado tarakimu yao ya kuwatetea.

Upungufu huo wa hesabu una gharama. Kati ya Desemba 2010 na mapema mwaka 2011 heroini iliadimika pwani. Watumiaji walipatwa na arosto kali, na baadhi yao wakageukia pombe, tembe za bugizi na unga uliochanganywa na vitu visivyojulikana. Tabibu yeyote anafahamu hatari ya kipindi kama hicho: mwili uliokaa wiki kadhaa bila unga hupoteza ustahimilivu, na kipimo cha zamani kikirejewa huwa kipimo cha kuua. Hatari hiyo humkabili pia mtu anayetoka gerezani Shimo la Tewa au katika kituo cha kurekebishia tabia. Misimbo iliyoandikwa vyema, pamoja na tarehe, ingeionyesha kaunti mwezi gani na mtaa gani vifo vinaongezeka wakati hatua bado inaweza kuchukuliwa. Na aliyechanganya unga na bugizi anahitaji misimbo miwili, T40.1 na T42.4, kwa kuwa naloksoni humzindua wa kwanza lakini haina nguvu juu ya bugizi.

Marekani, ambako zaidi ya watu 100,000 walikufa kwa kuzidisha dawa mwaka 2021, hutegemea misimbo hii kuhesabu vifo hivyo. Hata huko hesabu imewahi kuwapotosha wataalamu. Mwaka 2014, takriban cheti kimoja kati ya vitano vya vifo vya aina hiyo hakikutaja dawa iliyohusika. Hospitali za nchi hiyo zilipohamia toleo la 10 mnamo Oktoba 2015, idadi ya waliolazwa kwa matatizo ya afyuni ilipanda kwa takriban asilimia 14 kwa mkupuo. Wagonjwa hawakuwa wameongezeka kiasi hicho kwa siku moja. Kilichobadilika zaidi ni namna ya kuandika. Kwale ikianza kuandika kwa usahihi, itarajie kelele za namna hiyo, na wanasiasa wa kulaumu hawatakosekana.

Kuna swali zito zaidi: msimbo huo utamfikia nani? Kumiliki heroini ni kosa la jinai, na adhabu zake ziliongezwa ukali mwaka 2022. Jaribio la kujiua nalo lilikuwa kosa hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipotangaza kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinakiuka Katiba. Ni rahisi kuelewa kwa nini tabibu alisita kuandika nia ya mgonjwa. Kijana akishuku kwamba daftari la hospitali linasomwa kituo cha polisi, wenzake watamwacha maskani afe. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inaziweka habari za afya katika kundi la habari nyeti. Kinachopaswa kutoka hospitalini ni jumla, si majina, na wahudumu wanapaswa kulitamka hilo waziwazi mbele ya wanaomleta mgonjwa.

Kazi inaweza kuanza bila kungoja kompyuta mpya. Hospitali za Msambweni, Kwale na Kinango zinaweza kulinganisha daftari la ugonjwa na daftari la dawa: kila kichupa cha naloksoni kilichotumika kinamaanisha mtu aliyeshukiwa kuzidisha dawa za jamii ya afyuni, liwe limeandikwa neno gani katika ukurasa mwingine. Mashirika kama Teens Watch la Ukunda, ambayo wahudumu wake huzijua maskani na waliotoweka humo, yanaweza kutoa hesabu ya pili ya vifo vya mitaani bila kutaja jina la mtu. Mahali hesabu hizo mbili zitakapopishana ndipo pa kuchunguzwa kwanza.

WHO ilipendekeza mwaka 2014 kwamba naloksoni iwafikie hata watu wa kawaida wanaoweza kumkuta mwenzao amezimia. Dawa hiyo hufanya kazi kwa dakika chache, kisha nguvu zake huisha kabla ya zile za unga, hivyo mgonjwa aliyezinduka hana budi kukaa chini ya uangalizi. Wengi huinuka na kuondoka, na kama hakuna aliyeandika T40.1, ripoti ya mwezi itaonyesha sifuri. Atakayeagiza dawa za robo ya mwaka inayofuata ataitazama sifuri hiyo.