Mtoto Aliye Tumboni Hana Chama



Mara nyingi ukurasa huu huzungumza juu ya mishahara, nyumba na saa za kazi. Leo twataka kuzungumza juu ya mfanya kazi ambaye hana kadi ya Chama, halipi ada, wala hajui kwamba yuko kazini. Naye ni mtoto aliye tumboni mwa mama yake. Mama akivuta moshi, yeye hupata sehemu yake. Mama akishika nguo zenye sumu, naye yumo. Hawezi kugoma, wala hawezi kwenda kwa katibu wa tawi kupeleka malalamiko. Basi ni nani atamsemea kama si sisi?

Nitaanza na habari ya nyumbani kwangu, maana si vizuri kusema ya wengine tu. Mimi hufanya kazi ya reli upande wa Bungoma, na jamaa yangu hukaa Kitale. Kila mwisho wa juma nilikuwa nikirudi na ovaroli zangu ndani ya mfuko, zimejaa mafuta, masizi ya dizeli na vumbi la rangi kuukuu tuliyokuwa tukiikwangua. Mama watoto alizifua kwa mikono katika karai. Kisha aliingia jikoni kupika kwa kuni, na jiko letu lilikuwa na kidirisha kimoja tu. Wakati huo alikuwa na mimba ya mtoto wetu wa pili.

Mtoto alizaliwa miezi yake ikiwa imetimia, lakini mizani ilionyesha kilo 2.1. Muuguzi akaandika katika kijitabu cha kliniki, akatueleza kwamba mtoto anayezaliwa chini ya kilo 2.5 huhesabiwa kuwa na uzito mdogo, na yapasa atunzwe zaidi. Akauliza kama mama alikula vizuri, na kama aliugua malaria. Maswali hayo ni ya haki. Lakini hakuna aliyeuliza baba hufanya kazi gani, wala chakula hupikwa kwa moto wa namna gani.

Sisemi kwamba ovaroli zangu ndizo zilizompunguza mtoto uzito. Uzito mdogo huletwa na mambo mengi, na malaria na njaa yamo. Lakini mambo ya ovaroli na moshi hayakupimwa hata kidogo, na jambo lisilopimwa ni rahisi kulikana. Mwajiri hulikana, ofisi hulikana, hata sisi wenyewe hulikana, tukasema ni mapenzi ya Mungu. Mungu asisingiziwe kazi ya masizi.

Tazameni mwisho wa pili wa reli yetu, kule Mombasa. Katika mtaa wa Owino Uhuru kilifunguliwa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu mwaka 2007, ili kupata risasi, yaani ile metali nzito iliyomo ndani ya betri za magari. Mwaka 2009 Bi Phyllis Omido aliajiriwa katika kiwanda hicho. Mwanawe mchanga aliyekuwa akinyonya akaugua sana, na dawa za kawaida hazikumsaidia. Mwishowe damu yake ikapimwa, ikaonekana ina risasi. Mtoto hakuwa mfanya kazi wa kiwanda. Mama yake ndiye aliyekuwa mfanya kazi.

Bi Omido hakukaa kimya. Aliwaendea majirani na wafanya kazi, nao wakataka damu zao zipimwe. Wataalamu wakafanya uchunguzi, na habari zake zikatolewa mwaka 2018. Walipima watoto 130 wa Owino Uhuru, na watoto 120 wa mtaa mwingine uitwao Bangladesh ulio mbali na kiwanda, ili kulinganisha. Katika Owino Uhuru watoto 45 kwa mia walikuwa na risasi ya mikrogramu 5 au zaidi katika desilita moja ya damu. Katika mtaa wa Bangladesh walikuwa 15 kwa mia. Angalieni faida ya kulinganisha: mtu hawezi tena kusema kwamba watoto wa maskini wote wako hivyo.

Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wenyeji walipwe shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufani ikaitangua hukumu hiyo mwaka 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Ni safari ndefu, lakini wasingeanza hata hatua ya kwanza kama damu isingepimwa.

Kwa nini risasi ni mbaya hasa kwa mama mwenye mimba? Sababu ni hii. Mwili huidhania kuwa ni chokaa ya mifupa, ile ipatikanayo katika maziwa na dagaa, ukaiweka akiba katika mifupa kwa miaka mingi. Mama akishika mimba, mifupa yake hutoa chokaa ili kujenga mifupa ya mtoto, na risasi hutoka pamoja nayo. Hivyo sumu ambayo msichana aliipata akiwa na miaka 18 yaweza kumfikia mtoto wake miaka kumi baadaye. Risasi hupita katika kondo la nyuma, ikaingia katika ubongo unaoanza kujengwa. Baadaye mtoto huwa mzito wa kujifunza, na mwalimu humpiga akidhani ni mvivu. Shirika la Afya Duniani limesema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa hakina madhara.

Zamani madaktari wengi waliamini kwamba kondo la nyuma ni kama ukuta usiopitisha sumu. Walioonyesha kosa la imani hiyo kwa uchungu mkubwa ni watu wa mji wa Minamata, Japani. Kiwanda cha hapo kilimwaga zebaki katika ghuba ya bahari, samaki wakaila, na watu wakala samaki. Ugonjwa wao ulitangazwa mwaka 1956. Kina mama wengine walionekana wazima kabisa, lakini walizaa watoto wasioweza kutembea wala kusema. Mwaka 1962 ndipo ilipokubaliwa kwamba watoto hao walipata sumu tumboni.

Daktari Masazumi Harada alitafuta ushahidi mahali ambapo wengi hawakupafikiria. Sisi huku husema mtu hukumbuka mahali alipozikwa kitovu chake. Wajapani wao hukausha kipande cha kitovu cha mtoto, wakakihifadhi nyumbani ndani ya kijisanduku. Daktari aliwaomba kina mama vitovu hivyo, vikapimwa, na zebaki ikaonekana. Mama maskini alikuwa na ushahidi ndani ya sanduku lake miaka yote.

Lakini jambo linalotuhusu sisi wa Chama ni hili. Wafanya kazi wa kiwanda kile walikuwa na chama chao, nacho kwa miaka mingi hakikuwasaidia wagonjwa, kwa kuogopa kupoteza kazi. Agosti 1968 chama hicho kilitoa tangazo la aibu, kikakiri mbele ya watu wote kwamba kilikosa kwa kutopigana upande wa wagonjwa. Ndugu zangu, ni heshima kukiri kosa. Lakini watoto wa mwaka 1956 hawakuponywa na tangazo la mwaka 1968. Sisi tusingoje mpaka tuwe na aibu ya kutangaza.

Sasa turudi kwetu. Katika reli iko dizeli. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliandika moshi wa dizeli katika orodha ya vitu viletavyo saratani kwa binadamu kwa hakika. Tena mwaka 2019 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Hasselt, Ubelgiji, waliona chembe za masizi ndani ya kondo la nyuma la kina mama waliojifungua, upande ule ule unaomwelekea mtoto. Masizi yale hutoka katika magari, mitambo na mioto. Hayakukoma mapafuni.

Upande wa Kitale na Trans Nzoia yako mashamba ya mahindi na dawa za kuua magugu na wadudu. Kibarua wa kike hupiga dawa kwa bomba la mgongoni bila glavu, na mwenye mimba hupalilia asubuhi katika shamba lililopigwa dawa jioni. Mitungi mitupu ya dawa hurudi nyumbani kuchotea maji. Karibu na stendi za magari wako mafundi wavunjao betri na kuyeyusha risasi katika sufuria, na watoto wakicheza kando.

Webuye, katika njia yetu ya treni, kiko kiwanda cha karatasi kilichofungwa mwaka 2009 na kufunguliwa tena baadaye na wenyewe wengine. Kwa miaka mingi watu wa mji ule walilalamika juu ya harufu na mabati yanayoliwa na kutu. Mabati yenye matundu kila mtu huyaona. Lakini gramu 300 zilizopungua kwa mtoto hazionekani kwa macho, zataka mizani, kitabu, na mtu wa kuvisoma vitabu vingi pamoja.

Na tusiwasahau wenyewe wa majiko. Hesabu ya dunia kwa mwaka 2019 yasema watoto wachanga 476,000 walikufa katika mwezi wao wa kwanza kwa sababu zinazohusu hewa chafu, na karibu theluthi mbili ya vifo hivyo vilitokana na moshi wa kupikia majumbani. Kwa hiyo mwanamume asimwonyeshe kidole mwajiri tu, na jiko lake mwenyewe halina dirisha.

Liko jibu moja ambalo waajiri hulipenda, nasi yatupasa kulikataa mapema. Husema, "Kama kazi ni mbaya kwa wenye mimba, basi tusiajiri wanawake." Mwaka 1982 kampuni ya betri ya Johnson Controls, Marekani, iliwakataza wanawake wote wenye uwezo wa kuzaa wasifanye kazi penye risasi. Mwanamke mmoja alikubali kufungwa kizazi ili asipoteze kazi yake. Na mwanamume mmoja aliyeomba likizo ili risasi ipungue mwilini mwake, kwa kuwa alitaka kuzaa mtoto, alikataliwa. Chama cha wafanya kazi wa magari kilikwenda mahakamani, na mwaka 1991 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwamba amri ile ilikuwa ya ubaguzi.

Hilo ndilo neno letu pia. Kinachopasa kuondolewa kazini ni sumu, si mwanamke. Risasi hudhuru mbegu za mwanamume vilevile, na vumbi la ovaroli haliulizi nani ameajiriwa. Mama mwenye mimba apewe kazi nyingine isiyo na hatari kwa muda huo, kwa mshahara ule ule, na akirudi aikute nafasi yake.

Basi Chama chetu kidai nini? Mambo haya manne:

1. Mahali pa kazi penye watu 20 au zaidi, kamati ya usalama na afya iwepo kweli na ikutane, kama Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inavyoagiza, na wanawake wawemo. Hewa na vumbi vipimwe, na majibu yabandikwe ukutani mahali pa kusomeka.

2. Ovaroli zifuliwe kazini kwa gharama ya mwajiri, na pawepo maji, sabuni na kabati, ili mtu asiende nyumbani na sumu ya karakana.

3. Wanaoshughulika na betri, rangi kuukuu na dawa za mashamba wapimwe damu kila mara, nao wapewe majibu yao wenyewe.

4. Matawi ya Bungoma na Kitale yaziandikie ofisi za afya za kaunti zote mbili, tukiomba uzito wa watoto waliozaliwa ulinganishwe: walio karibu na viwanda, njia kuu na karakana, na walio mbali. Vitabu vya kliniki tayari vimejaa hesabu hizo. Majina yafichwe, hesabu zitolewe. Kifungu cha 42 cha Katiba ya mwaka 2010 chatupa haki ya mazingira safi na yenye afya, na kuomba hesabu si uchochezi.

Wakati tunapodai, tufanye yaliyo mikononi mwetu. Vua ovaroli kabla ya kumbeba mtoto. Nawa mikono kabla ya kula. Toboa dirisha la jiko au jenga bomba la kutolea moshi. Usichome plastiki uani, wala usichotee maji kwa mtungi wa dawa. Mwenye mimba asipige dawa shambani. Apate maziwa, dagaa, maharagwe na mboga, maana mwili wenye chokaa na madini ya chuma ya kutosha haupokei risasi kwa wingi. Wala mama asiache kunyonyesha kwa hofu. Maziwa yake ni bora, na anayejua kwamba alishika risasi aende hospitali apimwe na kupewa shauri.

Mtoto wetu yule sasa anakwenda shule ya chekechea, na mwili wake si mbaya. Kijitabu chake kingali sandukuni, na ile kilo 2.1 imeandikwa ndani. Ndugu mwanachama, bila shaka nawe unacho kijitabu kama hicho nyumbani. Mkutano wa tawi ujao, njoo na hesabu ya uzito wa mwanao aliyezaliwa tangu uingie kazi hii. Tuanze na hesabu zetu wenyewe, halafu tuone nani atathubutu kutuambia kwamba hakuna la kuchunguza.