Kinyozi Hajinyoi: Walimu wa Data na Wao Waleane

Leo nataka tuwazungumzie watu ambao hatuwataji kabisa. Kila siku tunawasikia wanaojifunza sayansi ya data na akili unde (wengine huiita akili mnemba, wengine akili bandia, chagua jina lako, mtambo ni ule ule). Tunawasikia wanaoajiri. Tunawasikia wanaoogopa kunyang'anywa kazi. Je, wale wanaofundisha? Wao nani aliwafundisha kufundisha?

Kwa wengi wetu hapa Kenya jibu ni fupi: hakuna mtu. Mimi ni mwandishi wa programu. Nafundisha Jumamosi kwa sababu kuna aliyesikia kwamba naijua Python, akaniuliza kama nina nafasi. Ndivyo wengi walivyoingia. Huyu ni mwanatakwimu wa benki, yule ni mhitimu wa juzi aliyefanya vizuri akaambiwa abaki awasaidie wanaokuja nyuma. Mwalimu wa hisabati wa shule ya upili hukaa chuoni miaka kadhaa, huenda mazoezi ya kufundisha, na mkaguzi huketi nyuma ya darasa na kalamu yake. Sisi hupewa projekta na orodha ya majina, basi.

Msimamo wangu ni huu: dawa si semina nyingine ya siku mbili hotelini yenye chai na vyeti. Dawa ni ulezi wa rika. Yaani watu watatu au wanne, wote wakiwa bado wanajifunza kufundisha, waketi katika madarasa ya wenzao, watazame, waambiane ukweli, warudi tena mwezi ujao. Ni jambo la bei rahisi, ndiyo maana halina mfadhili na halina mabango.

Kwa nini rika na si mabingwa? Sababu ya kwanza ni kwamba mabingwa wa kufundisha jambo hili ni wachache mno. Karatasi iliyoleta muundo unaobeba mitambo ya lugha ya leo ilitoka mwaka 2017. ChatGPT ilifunguliwa kwa umma mwezi wa Novemba 2022. Ni nani basi mwenye uzoefu wa miaka ishirini wa kufundisha watu kuandika programu huku kila mwanafunzi ana mtambo mfukoni unaomwandikia? Hayupo, hapa wala ng'ambo. Ukisubiri mzee wa kazi aje akulee utasubiri sana. Aliyepo ni mwenzako wa chumba cha pili, naye anahangaika na swali lile lile.

Sababu ya pili ni kwamba ujuzi wenyewe hupofusha. Mtu akishalijua jambo vizuri husahau jinsi lilivyokuwa gumu, na hatua tano kwake huwa moja. Mwenzako aliyejifunza jambo hilo mwaka jana bado anakumbuka mahali alipojikwaa. Kumbukumbu hiyo ni mali, nayo huisha haraka, kwa hiyo itumike ingali mbichi.

Acha nitoe mfano. Kulikuwa na darasa moja la wikendi hapa Nairobi ambalo niliketi nyuma kumtazama mwenzangu. Jamaa anaijua kazi, tena ana sauti nzuri. Alifungua Jupyter, akaandika mstari wa kusoma faili la data, akaendelea kueleza safu na nguzo. Alikuwa ameuelekea ukuta wenye projekta. Mimi nilikuwa nimeielekea migongo ya wanafunzi, na kutoka pale niliona jambo ambalo yeye asingeweza kuliona: watatu walikuwa wamekwama kwenye mstari ule wa kwanza. Faili lao lilikuwa kwenye folda nyingine, na tarakilishi iliwaambia faili halipo. Dakika kumi zikapita. Mmoja, dada aliyeketi karibu na dirisha, alifunga laptopu taratibu akaanza kuandika kwa kalamu tu yale aliyoyasikia. Hakuuliza kitu.

Baada ya darasa tulikunywa chai nikamwambia mwenzangu mambo mawili: moja zuri, moja la kurekebisha. Zuri lilikuwa mfano wake wa matatu, nitaueleza hivi punde. La kurekebisha lilikuwa lile faili. Hakuna hotuba niliyompa. Jumamosi iliyofuata alianza na dakika tano za kila mtu kuhakikisha faili lake linafunguka, naye akipita kati ya viti. Dada wa dirishani hakuifunga laptopu siku hiyo.

Hapa ndipo penye uzito, msomaji. Mtu aliyelipa karo, akaacha shughuli zake za Jumamosi, akakwama kwenye mstari wa kwanza, haondoki akisema "faili lilikuwa kwenye folda nyingine." Huondoka akisema "mimi sina kichwa cha mambo haya." Na akishaamini hivyo harudi, tena huenda akawaambia na wadogo zake. Tunapoteza watu kwa sababu ya folda! Mwalimu bingwa duniani hawezi kuliona hilo akiwa peke yake mbele. Kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata.

Sasa ule mfano wa matatu. Alikuwa akifundisha tofauti ya wastani na mediani. Chukua matatu ya abiria 14. Abiria 13 kila mmoja hupata shilingi 30,000 kwa mwezi, halafu tajiri mmoja anapanda, yeye hupata 2,410,000. Jumla ni 2,800,000, ukigawa kwa 14 unapata wastani wa 200,000. Haya, nani ndani ya matatu hiyo anapata 200,000? Hakuna! Mediani, yaani yule wa katikati ukiwapanga kwa safu, ni 30,000 ile ile. Nimeshauchukua mfano huo na kuutumia darasani kwangu. Anayetazama huenda akavuna kuliko anayetazamwa, na semina haiwezi kukupa hilo.

Wazo lenyewe si geni. Japani walimu wana desturi waiitayo jugyo kenkyu: wanapanga somo pamoja, mmoja analifundisha, wenzake wanatazama wanafunzi, kisha wote wanaketi kulichambua SOMO, si kumchambua mtu. Kwetu nako mbegu ilipandwa. Mwaka 1998 serikali ya Kenya na shirika la Japani la JICA walianzisha mradi wa SMASSE kwa ajili ya walimu wa hisabati na sayansi wa shule za upili, na kituo chake cha CEMASTEA kiko Karen. Msemo wake ulikuwa panga, fanya, tazama, boresha. Mafunzo yalishuka kwa ngazi, kutoka wakufunzi wa kitaifa hadi wa wilaya hadi walimu. Ngazi ina faida ya kufika mbali, lakini maji yakipokezwa ndoo kwa ndoo hupungua njiani. Ndiyo maana napenda zaidi sehemu ile ya "tazama", kwa sababu hiyo haihitaji ndoo. Inahitaji kiti kimoja nyuma ya darasa.

Mwaka huo huo wa 1998, upande mwingine wa dunia, Greg Wilson na Brent Gorda walianzisha Software Carpentry kuwafundisha wanasayansi kuandika programu. Mwaka 2018 iliungana na Data Carpentry, zikawa The Carpentries. Hawa wanachukulia kwamba mwalimu naye hufunzwa. Anayejiandaa kufundisha huonyesha somo fupi mbele ya wenzake, nao humwambia kilichofaa na kisichofaa. Darasani wanafunzi hupewa vikaratasi vya kunata vya rangi mbili: rangi moja ukiibandika kwenye laptopu maana yake nimemaliza, nyingine maana yake nimekwama. Kwa shilingi chache dada wa dirishani angeonekana bila kuinua mkono mbele ya watu.

Hapa Afrika tumepiga hatua katika kuwakusanya wanaojifunza. Data Science Africa ilianzia Nyeri, katika Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, mwaka 2015. Deep Learning Indaba ilianza Johannesburg mwaka 2017, na mwaka 2019 ikaja kwetu katika Chuo Kikuu cha Kenyatta. Mikutano hii ni kama mvua ya masika, inanywesha kweli. Lakini mwalimu anaporudi nyumbani anabaki peke yake na projekta yake kwa miezi yote iliyobaki. Ulezi wa rika ndio kisima cha kiangazi.

Nini hasa rika wanaweza kuambiana katika somo hili la data na akili unde? Mengi. Nitataja matatu.

1. Data inatoka wapi. Darasa baada ya darasa hutumia data ya maua ya iris, maua 150 ambayo Fisher aliyaandikia mwaka 1936. Si mbaya, ni ndogo na safi. Lakini mwenzako akikuuliza "hapa ni nani amewahi kuliona ua hilo?" utatafuta nyingine. Mwaka 2020 maabara ya akili unde ya Makerere, Uganda, ilitoa picha 1,295 za majani ya maharagwe zilizopigwa kwa simu shambani: jani zima, jani lenye kutu, jani lenye madoa. Mwanafunzi aliyekulia karibu na shamba atakubishia kuhusu picha. Akikubishia, jua anajifunza.

2. Namba zinazodanganya. Watu 1,000, wagonjwa ni 10. Modeli inayosema "wote wazima" bila kutazama chochote ina usahihi wa asilimia 99, na haijamwona mgonjwa hata mmoja. Mwalimu aliyechoka huandika 99 ubaoni, darasa likapiga makofi. Mwenzake aliye nyuma ndiye wa kuuliza: na wale kumi je? Vivyo hivyo data ya kupimia ikichanganyika na data ya kufunzia. Sisi tunajua maana ya karatasi ya mtihani kuvuja, tusijifanye hatujui ikivuja kwenye tarakilishi.

3. Maneno. Tunafundisha kwa Kiingereza, tunafafanua kwa Kiswahili, tunatania kwa Sheng. Si vibaya, lakini kila mwalimu akibuni neno lake mwanafunzi anayehama darasa huanza upya. Rika wakiketi wanaweza kukubaliana. Sisi watatu tunasema modeli "imekariri" pale inapoijua data ya mafunzo kwa moyo lakini inashindwa na data mpya. Kila aliyesoma shule ya Kenya analielewa mara moja, maana wote tuliwahi kukariri karatasi za mitihani ya zamani.

Najua kuna watakaopinga. Watasema kipofu akimwongoza kipofu wote watatumbukia shimoni. Ni hoja nzito na siipuuzi. Kuna mambo rika hawawezi kupeana: kama wote wanne hawaijui kalkulasi, kikao cha chai hakitawapa. Wanaweza hata kukubaliana juu ya kosa wakalisambaza katika madarasa manne badala ya moja. Kwa hiyo hisabati itafutwe kwa vitabu na kwa wanaoijua, na mara kwa mara kikundi kimwalike mtu aliye hatua moja mbele. Lakini kuona kwamba wanafunzi watatu wamekwama hakuhitaji shahada ya uzamifu. Kunahitaji macho, na macho kila rika anayo.

Wengine watasema muda haupo. Hapo wanasema kweli, kwa sababu wengi wetu hulipwa kwa saa za kufundisha tu. Saa ya kumtazama mwenzako hailipwi na mtu. Basi nawaambia wanaoendesha kozi hizi, wenye vyuo na wenye kambi za mafunzo: mnalipia ukumbi, intaneti na matangazo. Lipieni kila mwalimu saa mbili kwa mwezi, saa moja ya kutazama na saa moja ya kuzungumza. Hamtapata faida ya haraka kuliko mwanafunzi ambaye hakuacha.

Na wewe unayefundisha, usisubiri barua ya ofisi. Tafuta wenzako wawili, si marafiki wa kusifiana tu, maana mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kubalianeni kanuni tatu. Anayetazama awaangalie wanafunzi, si mwalimu. Maoni yawe mawili tu, moja la kushika na moja la kubadilisha, kwa sababu mtu akipewa makosa kumi hurekebisha sifuri. Na yasemwayo kwenye chai yasifike kwa mwajiri. Mlezi akigeuka mkaguzi mchezo umekwisha, kila mtu ataanza kuigiza.

Kuhusu mitambo ya kuandika programu, fanyeni jaribio moja pamoja. Chukueni zoezi mnalowapa wanafunzi, kila mmoja aupe mtambo, kisha mlinganishe majibu. Mtaona wapi unajibu vizuri, wapi unajibu kwa kujiamini huku umekosea, na zoezi lipi limekufa kwa sababu mwanafunzi hahitaji tena kufikiri ili alimalize. Hakuna kitabu kitakachowaambia hayo kuhusu darasa lenu. Ni nyinyi na wenzenu.

Jumamosi ijayo kuna darasa jirani na lako. Omba kiti cha nyuma.