Ujuzi wa Kukodi

Tarehe 28 Oktoba 1971, kutoka Woomera katika nyika kame ya Australia, roketi ya Kiingereza iitwayo Black Arrow ilipaa na kuiweka setilaiti ya Prospero katika njia yake ya kuizunguka dunia. Roketi ilikuwa ndogo, urefu wake kama mita 13. Na setilaiti ilikuwa na uzito wa kilo 66 tu. Taifa lililoitimiza kazi hiyo kwa mikono yake lilistahili kushangilia. Lakini miezi mitatu kabla ya siku hiyo serikali ilikuwa imekwisha kulitangazia Bunge kwamba mpango wa Black Arrow umefutwa. Sanda ilikatwa kabla mtoto hajazaliwa.

Waliofuta mpango huo hawakuwa wajinga, wala si haki kuwasingizia ujinga. Walisema kwamba Scout, roketi ya Kimarekani, yapatikana kwa bei nafuu. Kwamba setilaiti za kurushwa ni chache. Na Black Arrow ilikuwa imejaribiwa mara tatu, ikaharibika mara mbili. Yote hayo yalikuwa kweli. Setilaiti ya Miranda, iliyokusudiwa kupandishwa na Black Arrow, ilipandishwa na Scout kutoka Vandenberg, California, mwezi wa Machi 1974, ikafika salama. Kwa mtu ahesabuye nauli peke yake, shauri limekwisha.

Kosa la hesabu ile ni kuipima roketi kama punda wa mizigo. Punda hukodiwa leo, akarudishwa kesho, na aliyemkodi hapungukiwi na kitu. Roketi ya taifa ni chuo. Humo mafundi hujifunza kuyachoma mafuta ya taa kwa haidrojeni peroksaidi pasipo maafa, kukiongoza chombo kisichoonekana tena kwa macho, na kuisoma sababu ya kuanguka kwake. Kila jaribio lililoharibika lilikuwa somo ambalo ada yake imekwisha lipwa. Kukifunga chuo siku ile somo linapoeleweka si kuiokoa ada, ni kuitupa.

Na ujuzi hauwekwi ghalani kama mahindi. Huishi katika watu, na watu wakitawanyika nao hutawanyika. Roketi ya Black Arrow iliyobaki bila kurushwa ikawa kitu cha kutazamwa katika jumba la makumbusho, London. Mwezi wa Januari 2023 ndege iliondoka Cornwall imebeba roketi ya kupandisha setilaiti kutoka Uingereza yenyewe. Lakini roketi hiyo ilikuwa ya kampuni ya Kimarekani, wala haikufika ilikokusudiwa. Nusu karne ya nafuu ilirudi palepale penye kukodi.

Yuko atakayesema kwamba hayo ni makuu ya matajiri, na kwamba maskini ajishughulishe na chakula. Huyo ajibiwa na India. Roketi yake ndogo, SLV-3, ilianguka baharini mwezi wa Agosti 1979. India ilikuwa maskini kuliko Uingereza, na kila udhuru wa kuacha ilikuwa nao. Haikuacha. Tarehe 18 Julai 1980 SLV-3 nyingine iliiweka setilaiti ya Rohini mahali pake. Na mwaka 2023 chombo cha India kilitua juu ya mwezi, upande wa ncha ya kusini. Tofauti ya mataifa haya mawili haikuwa mali. Moja liliita hasara yale ambayo jingine liliyaita masomo.

Neno hili lawahusu pia watu wa pwani ya Afrika Mashariki. Baina ya 1967 na 1988 Scout zilirusha setilaiti 9 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Roketi zilikuwa za Marekani, warushaji walikuwa Waitaliano, na mzigo mmoja, Ariel 5 ya mwaka 1974, ulikuwa wa Waingereza. Bahari ilikuwa ya Kenya. Zamu ya Kenya ya kuirusha Taifa-1 yake ilipofika, mwezi wa Aprili 2023, setilaiti ilisafirishwa hadi Vandenberg, kulekule ilikopandishiwa Miranda. Malindi iliutazama moshi kwa miaka 21, na moshi haufundishi.

Hapana ulazima wa kila nchi kuunda roketi kesho. Lakini nchi ikiamua kukodi, na iandike katika daftari lake bei yote: nauli, na pia chuo ambacho haitakuwa nacho. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, hata kama nduguye ni mkarimu.

Jina la setilaiti ile lilitoka kwa Shakespeare. Prospero wa The Tempest huapa kuivunja fimbo ya uganga wake na kukizamisha kitabu chake; lakini yeye hufanya hivyo kazi yake ikiwa imetimia, na milki yake ikirudi mikononi. Uingereza ilikizamisha kitabu ikiwa ndiyo kwanza imejua kukisoma.