Kusahau si Uvivu Siku Zote

Kama kuna neno litokalo upesi mno vinywani mwetu, bwenini, darasani na hata nyumbani, ni neno "mvivu". Mwanafunzi akisahau somo la jana, mvivu. Mzee akikaa kimya barazani asitake kusema na mtu, ana kiburi, au amerogwa. Mimi naona yafaa tuulize kwanza: je, mtu huyu aliugua nini?

Nasema hivi kwa sababu ya korona. Ulipoenea ugonjwa huu mwaka 2020, sote tuliogopea mapafu. Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba hali ya hatari ya dunia nzima imekwisha, na wengi wakadhani habari yake imekwisha pia. Kumbe wapo waliobaki na athari vichwani mwao.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, walipata bahati ambayo waganga hawaipati mara nyingi: walikuwa na picha za ubongo za watu zilizopigwa kabla ya ugonjwa kuingia. Watu 785, wenye umri wa miaka 51 hadi 81, walipigwa picha tena. Kati yao 401 walikuwa wameambukizwa korona baada ya picha ya kwanza, na 384 hawakuambukizwa. Matokeo yalitolewa mwaka 2022. Walioambukizwa walikuwa wamepungukiwa na nyama ya ubongo zaidi ya wenzao, hasa katika sehemu zihusikazo na kunusa na kukumbuka, na katika majaribio ya akili wakawa wazito zaidi. Upungufu wenyewe ni mdogo, tangu sehemu 2 katika 1,000 hata sehemu 2 katika 100. Lakini la kushangaza ni kwamba wengi wao hawakulazwa hospitali. Waliugua kidogo tu, nyumbani.

Mtu asinisingizie hapa. Hao walikuwa watu wazima, si watoto wa shule, na wala sisemi kwamba kila aliyekohoa amepoteza akili. Wengi hupona kabisa. Tena si virusi peke yake vilivyoleta huzuni na wasiwasi miaka ile; misiba, upweke na kukosa kazi vilikuwamo.

Mjomba wangu ni mwenye duka. Alipoinuka kitandani mwaka 2021 alianza kumrudishia mteja mmoja chenji mara mbili, naye tangu nimjue ni mtu wa hesabu za kichwani. Usiku hapati usingizi, mchana machozi yanamtoka bila sababu. Majirani walisema amerogwa. Wengine walisema amelewa, naye hanywi kabisa! Ilipita miezi saba ndipo akapelekwa kwa daktari, ambaye alimsikiliza, akasema yamkini ni athari ya ugonjwa ule, akamwamuru apumzike, aandike kila deni, na arudie kazi kidogo kidogo. Sasa anauza vizuri, ila daftari haliachi mkononi.

Wapo watakaosema kwamba maneno yangu yatawapa wavivu mahali pa kujificha. Hoja hiyo ina ukweli, maana hapa shuleni tunao mabingwa wa kuumwa kichwa siku ya hesabu. Lakini mvivu ni mvivu tangu Kidato cha Kwanza. Mgonjwa hubadilika: muhula uliopita alikuwa hodari, muhula huu anasoma ukurasa mmoja mara tatu na haushiki. Mabadiliko hayo, yawe yameletwa na korona au na maradhi mengine, hayatibiwi kwa fimbo.

Ombi langu kwa walimu wetu ni dogo. Matroni anaandika katika daftari lake jina la kila mwanafunzi anayeugua. Mwalimu wa darasa na alisome kila Ijumaa, kabla ya majina ya watakaoadhibiwa kuitwa. Nanyi wazazi, mtoto akiugua wakati wa likizo, mpeni barua aje nayo.