Unga wa Pakiti Haulindi Moyo

Mgonjwa wa moyo akitoka hospitalini, wiki haiishi kabla mtu hajamletea pakiti ya unga “wa seli shina”, wa kuweka chini ya ulimi. Maneno yanayokuja na pakiti hiyo lazima yajibiwe, maana yamechanganya sayansi ya kweli na biashara.

Wauzaji wanasema seli shina hugeuka kuwa moyo mpya. Dai hili lilitoka maabara. Mwaka 2001 kundi la mtafiti Piero Anversa, Marekani, lilitangaza kwamba seli shina za uboho zimeotesha msuli wa moyo kwa panya. Mwaka 2004 wengine walirudia majaribio hayo, wasione kitu. Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Harvard kilitaka makala 31 za maabara ya Anversa ziondolewe majaridani.

Basi wapo wanaosema yote ni uongo. Hapo nakataa. Mwaka 2005 kundi la mtafiti Victor Dzau lilichukua maji ya lishe ambamo seli shina za uboho zilizoongezewa jeni iitwayo Akt zilikuzwa kwa oksijeni haba. Seli zenyewe waliziondoa, wakadunga maji peke yake kwenye mioyo ya panya iliyozibwa mshipa. Sehemu iliyokufa ikapungua. Kumbe kinga ilikuwa katika kile ambacho seli zilitoa: protini na, kama ilivyoonekana baadaye, vifuko vidogo mno viitwavyo eksosomu.

Jeraha ambalo vitu hivyo huzuia ni hili. Mshipa ukiziba, seli za moyo hukosa oksijeni. Ukifunguliwa, damu inayorudi huokoa, lakini pia hujeruhi: kemikali kali huzuka, kalsiamu hufurika ndani ya seli, mitokondria (vinu vya nishati vya seli) hupasuka, seli inafa. Mwaka 2010 watafiti wa Singapore walionyesha kwamba panya waliopewa eksosomu kabla ya damu kurudi walipata jeraha dogo zaidi. Vifuko hivyo huamsha njia za seli za kujinusuru na kutuliza uvimbe. Seli iliyokwisha kufa haifufuki.

Eti unga una vitu hivyo hivyo? Eksosomu za maabara huhifadhiwa kwenye baridi ya nyuzi 80 chini ya sifuri, kisha hudungwa. Unga wa pakiti ni mmea uliokaushwa; hauna seli hai ya kutoa chochote, na protini yake ikimezwa, tumbo huimeng’enya kama chakula kingine.

Na lile la “ni vya asili, havina madhara”? Desemba 2019 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya wagonjwa wa Nebraska kudhurika vibaya kwa bidhaa zilizouzwa kama eksosomu. Hakuna bidhaa ya aina hiyo iliyokuwa imeidhinishwa.

Tafadhali, msomaji: kifua kikibana, maumivu yakipanda taya au kushuka mkono, jasho likikutoka, usitafute pakiti. Kimbilia hospitali. Kila dakika mshipa unapobaki umeziba, seli zinakufa.