Kuruka Mtaro kwa Baisikeli: Kwanza Ujue Kusimama

Tangu muhula uliopita hapana mazungumzo mabwenini kama haya ya kuruka mtaro kwa baisikeli. Wako wasemao mchezo huu upigwe marufuku kabisa, na wako wasemao kila mwenye moyo aachwe aruke. Mimi siko upande wa hawa wala wa wale, na namwomba Mhariri anipe nafasi nieleze sababu.

Hao wa kwanza wana haki ya kuogopa. Mwenzetu wa kidato cha pili alivunjika mtulinga kwenye mtaro wa nyuma ya jiko, akakaa wiki sita mkono umefungwa shingoni. Mtaro wenyewe una upana wa mita 1 tu. Hata mtoto mdogo huuruka kwa miguu yake akienda kisimani. Bwenini kwetu walisema, "Aliogopa, akapunguza mwendo." Wengine wakasema ni bahati mbaya. Lakini mtu aliyefika darasa la fizikia angeweza kuyajua yote kabla ya kutokea.

Tuseme baisikeli yaenda mita 5 kwa sekunde, yaani kilometa 18 kwa saa. Juu ya mtaro wa mita 1 gurudumu la mbele litakuwa hewani kwa sehemu ya tano ya sekunde. Kitu kikiachwa kianguke kwa muda huo hushuka sentimeta 20. Basi gurudumu lafika ng'ambo likiwa chini ya ukingo kwa kadiri hiyo, lagonga ukuta wa mtaro, na mpandaji aendelea na safari peke yake. Ukiongeza mwendo mara mbili, gurudumu litashuka sentimeta 5 tu, na hapa ndipo mashujaa wetu wanapopata hoja yao kwamba dawa ni mbio. Lakini hiyo ni kilometa 36 kwa saa, na mbele ya mtaro ule kuna ukuta wa ghala. Sijamwona bado shujaa aliyepiga hesabu ya ukuta.

Iko njia nyingine. Huko Ulaya kuna mchezo uitwao traiali, ambao ulianza kwa pikipiki. Mpandaji hupita juu ya mawe, magogo na mapipa, na kuweka mguu chini ni hasara. Katika nchi ya Katalonia, Hispania, aliyekuwa mpandaji wa pikipiki za Montesa, jina lake Pere Pi, aliuleta mchezo huo katika baisikeli za watoto, nao huko wauita trialsin, maana yake traiali bila injini. Mwanawe, Ot Pi, alikuja kuwa bingwa wa dunia zaidi ya mara moja. Chama kinachosimamia mashindano ya dunia ya mchezo huu ni kile kile kilicholeta mashindano ya dunia ya mbio za barabarani Kigali, Septemba 2025, ambayo yalikuwa ya kwanza katika bara letu. Wengi wetu tuliyafuata mashindano ya Kigali kwa hamu, na nadhani homa hii ya baisikeli ilitoka huko. Lakini mbio ni fani moja na kuruka ni fani nyingine. Mrukaji wa traiali hafiki ukingoni kwa kasi. Husimama kabisa, huku baisikeli imetulia, kisha huruka kutoka hapo aliposimama.

Jambo la kwanza, basi, ni kusimama. Simama juu ya pedeli, zikiwa sawasawa kama mizani, mguu wako wenye nguvu ukiwa mbele. Shika breki, usiende po pote. Ukiweza kukaa hivyo mpaka hesabu ya ishirini bila kuweka mguu chini, umeanza kujifunza. Vijana hulidharau zoezi hili kwa kuwa halina mtu wa kulipigia makofi.

Baada ya hapo ni gurudumu la nyuma. Mrukaji huinua la mbele, akabaki juu ya la nyuma peke yake, breki ya nyuma imeshikwa barabara, naye hurukaruka pale pale kama kuku wa mguu mmoja ili asipoteze mizani. Akiwa tayari huliweka gurudumu hilo ukingoni kabisa, hukunja magoti, huinama mbele mpaka baisikeli ianze kuangukia ng'ambo. Wakati huo huo huachia breki, hukanyaga pedeli ya mbele kwa nguvu zake zote, na kunyoosha miguu huku akitupa kiuno mbele na juu. Kuachia, kukanyaga na kunyoosha ni tendo moja, na kulipata tendo hilo ndiyo kazi ya miezi. Ukiachia breki mapema, baisikeli yaondoka kabla ya miguu kusukuma, nawe unatumbukia. Ukichelewa, wakanyaga pedeli isiyokwenda, ukabaki ulipokuwa.

Kosa ninaloliona zaidi uwanjani kwetu ni kuvuta usukani kwa mikono, kana kwamba mtu ainua debe la maji. Mikono ni kamba tu. Kazi ni ya mapaja na kiuno. Hewani magoti hupanda, na mikono huisukuma baisikeli mbele ili gurudumu la nyuma livuke. Macho yatazame mahali pa kutua, wala si shimo. Kabla tairi haijagusa, breki ya nyuma iwe imekwisha kushikwa tena, kisha magoti yakunjike kuupokea uzito. Mwenye kutua na miguu iliyonyooka kama nguzo hurushwa nyuma, na nyuma yake ni mtaro.

Mtaona kwamba yote haya yategemea breki. Zile baisikeli nyeusi za kubebea ndizi, zenye breki za vyuma, hazifai. Ni nzito, ni ndefu, na breki zake hupunguza mwendo tu, hazilifungi gurudumu. Wenye baisikeli za mashindano hutumia za magurudumu ya inchi 20, zisizo na kiti kabisa, au za inchi 26. Sisi hatuna hizo, lakini zile za mitumba za inchi 26, zenye breki za waya, zatosha kwa kuanzia. Shusha kiti mpaka chini, punguza upepo kidogo katika tairi la nyuma ili lishike ardhi, na ubadilishe mipira ya breki iliyokwisha.

Wenzangu hunitajia yule Mskoti, Danny MacAskill, ambaye filamu yake ya mwaka 2009, iliyopigwa Edinburgh, imezunguka katika simu za watu wengi. Wao hukumbuka ushujaa. Mimi huwaambia waitazame tena ile sehemu ya ua wa vyuma vyenye ncha, wahesabu ni mara ngapi alianguka kabla ya kupita juu yake. Filamu ile ya dakika chache ilichukua miezi kupigwa.

Kwa hiyo naliomba baraza la viranja lisiukataze mchezo, bali liukataze mtaro. Mchezo uchezwe uwanjani, kati ya mistari miwili ya chokaa. Atakayevuka sentimeta 120 mara kumi mfululizo, bila kukanyaga mstari, apewe ruhusa ya kuruka kati ya majukwaa mawili ya mbao yaliyoachana sentimeta 80, yenye kimo cha tofali moja. Akianguka hapo hushuka sentimeta chache tu. Mimi mwenyewe, kwa miezi saba, nimefika 90 kwenye chokaa, na mtaro wa jiko sijaujaribu.

Wakubwa zetu mliomaliza hapa zamani, mnaosoma gazeti hili mkiwa makazini, hatuwaombi fedha. Tunahitaji mipira ya breki, waya zake, na kofia ngumu mbili au tatu, hata kama ni kuukuu, mradi hazijapasuka. Mzigo waweza kuachwa kwa mwalimu wa karakana. Nanyi wa vidato vya chini, mistari imekwisha kuchorwa nyuma ya karakana, na Jumamosi baada ya kazi za mikono nitakuwapo. Nitaanza kwa kukagua breki ya kila mtu.